Wamekuzika na uko hai: hatua za kufuata, kwa tuliyoyapitia sisi Tanga

Mwili tuliouzika ulikuwa umevaa jezi ya Coastal Union na kaptula ya jinsi, na mdogo wangu alitoka nyumbani Sahare amevaa jezi ya Coastal na kaptula ya jinsi, basi kwetu ikawa imeisha. Siku ya 26 tangu boti yao ya uvuvi ipotee nikapigiwa na namba ya Kenya, nikajua ni matapeli nikakata, ikapiga tena, nikapokea kwa hasira nikasikia "kaka, ni mimi". Nilikaa chini palepale barabarani.

Furaha ile sina maneno nayo. Lakini baada ya hapo tulihangaika miezi saba kumrudisha kwenye makaratasi, na hakuna mtu aliyetuambia tuanzie wapi, kila ofisi inakutuma kwa mwenzake, huku unaambiwa leta kiapo, kule unaambiwa kiapo bila barua ya mtaa hakitoshi rudi tena. Kwa hiyo nimepanga hapa kwa mtiririko ambao natamani mtu angenipa mimi siku ile. Nimeanzia kabla ya kuzika, na hata kama wewe yako imeshafika kwenye makaratasi usiruke sehemu hiyo, maana kila utakapoenda utaulizwa swali lilelile: mlimtambuaje?

HATUA YA KWANZA: hakikisha mtu amekufa kweli

Hii ni kwa anayefia nyumbani au anayeokotwa. Huku kwetu tunazika haraka, mtu akifa alfajiri baada ya adhuhuri yuko makaburini, na ni jambo jema, ila haraka iwe ya kuzika isiwe ya kuamua kwamba amekufa. Kumshika mkono ukamkuta wa baridi si kipimo. Mtu wa kisukari aliyeshukiwa na sukari, mwenye kifafa aliyetoka kwenye degedege kubwa, mwenye malaria iliyopanda kichwani, aliyepigwa na umeme au radi, aliyezama, aliyekunywa dawa nyingi za usingizi, hawa wote wanaweza kulala kimya kabisa, pumzi ndogo sana, mapigo huyapati kwa kidole, na bado wako hai.

Haya si ya kufikirika. Novemba 2020 huko Kericho, Kenya, kijana wa miaka 32 alipelekwa mochwari, akazinduka pale walipoanza kumchana mguu ili wamtie dawa ya kuhifadhi maiti. Juni 2023 nchini Ecuador bibi wa miaka 76 aligonga jeneza akiwa ndani yake, msibani, watu wamekaa. Bibi yule alirudishwa hospitali akafariki wiki moja baadae. Nalitaja na hilo kwa sababu wengi husimulia kule kugonga tu, ila fikiria zile saa alizokuwa anahitaji matibabu akawa amefungiwa kwenye boksi.

Kwa hiyo fanya hivi. Weka shavu lako karibu na mdomo na pua yake, macho yako yaangalie kifua, subiri. Tafuta mapigo shingoni pembeni ya koo, sio kwenye kifundo cha mkono. Fungua jicho umulike na tochi ya simu uone kama mboni inajikunyata. Kama hapumui na kilichotokea ni cha sasa hivi anza kubonyeza kifua katikati, kwa nguvu, kishuke kama sentimita 5 mpaka 6, kasi ya mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kila ukifika 30 mpe pumzi mbili, na aliyezama anza na pumzi maana kilichomkosesha ni hewa. Huku mwingine anatafuta usafiri, hata kama ni bajaji. Halafu mtaalamu ndo aseme. Uingereza madaktari wameelekezwa wamwangalie mtu kwa dakika tano zisizopungua kabla ya kusema amefariki, na anayetoka kubonyezwa kifua inashauriwa aangaliwe dakika kumi hivi baada ya kuacha, kwa sababu kuna waliorudi wenyewe ndani ya muda huo. Hata daktari anahitaji muda, sembuse sisi.

Na waosha maiti, wazee wetu na bibi zetu mnaoifanya kazi hii kwa ajili ya Mungu, nyie ndo jicho la mwisho. Viungo vikikaza na ngozi ya upande aliolalia ikabadilika rangi hapo hakuna mjadala. Ila mkimgeuza mkaona jasho, au joto kwapani baada ya saa nyingi, au kope imecheza, simamisheni. Msione aibu mbele ya watu wa msiba.

HATUA YA PILI: mwili utambuliwe kwa mwili, sio kwa nguo

Hapa ndo tulipokosea sisi. Nasema sisi, sio hospitali wala polisi, wao walituuliza "ni huyu?" na sisi tukasema ndiye.

Ilikuwa siku ya tano. Mwili umeonekana ufukweni maeneo ya Mwambani, tukaitwa mochwari watu wanne, mimi, ami yetu, shemeji yake na jirani. Maji ya bahari yakikaa na mtu siku kadhaa yanamfuta, uso unavimba mpaka unakuwa wa mtu yeyote, rangi inaondoka, ngozi ya viganja inavuka. Mhudumu alifunua shuka mpaka kifuani tu. Tukaiona ile jezi. Ami akasema "innalillahi, ndiye", na baada ya mkubwa kusema, nani atasema vingine? Mimi nikageuza uso. Karatasi ikaletwa nikasaini.

Sasa mdogo wangu ana kovu. Akiwa na miaka 13 alichomwa na mwiba wa samaki taa juu ya unyayo wa kushoto, kidonda kilioza kikakaa miezi, likabaki shimo ambalo kidole gumba kinaingia. Mji mzima wa kwetu unalijua lile kovu. Tulikuwa watu wanne mle ndani na hakuna hata mmoja aliyeomba afunuliwe mguu. Shuka lilikuwa limefunika miguu, basi tukaiacha imefunikwa. Mpaka leo nikilala nauona ule mwisho wa shuka.

Sasa wewe usifanye kama sisi. Kabla hujaingia kaa na mama yake au mke wake nje, andikeni kwenye karatasi alama za mwilini: makovu, meno yaliyotoka au kuvunjika, alama ya kuzaliwa, kidole kilichokatika, operesheni, urefu, ametahiriwa au la, sikio limetobolewa au la. Ingia na hiyo karatasi uiangalie moja moja, mwambie mhudumu akuonyeshe kila sehemu. Wasiingie wote pamoja, aingie mmoja atoke, aingie mwingine, kila mmoja aseme lake bila kumsikia mwenzake, maana akishatangulia mzee hakuna wa kumpinga. Jezi, mkanda, saa, ndala, hata kitambulisho mfukoni vinaonyesha pa kuanzia tu, nusu ya vijana wa Tanga wana jezi ya Coastal na nguo watu wanaazimana.

Kama mwili umeharibika, sema wazi "hatuna uhakika". Hayo maneno ni magumu kuyasema mbele ya watu walioandaa kaburi lakini ndo maneno sahihi. Polisi wanaweza kuomba sampuli zichukuliwe, mzazi au mtoto akatoa ya kulinganisha, vipimo vya DNA vinafanywa na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na sheria ya vinasaba tunayo tangu 2009. Inachukua muda, ndiyo. Sisi tulikimbia wiki chache za kusubiri tukapata miezi saba ya ofisi.

HATUA YA TATU: aliyepotea bado hajafa

Mvuvi akichelewa msimu wa kusi, kabla ya tanga la msiba fanya kazi ya kutafuta. Mkondo wa bahari huku unakwenda kaskazini, na kusi anausukuma zaidi, kwa hiyo boti iliyozimika injini mbele ya Kigombe haibaki Kigombe, itafute Moa, Jasini, halafu vuka mpaka kwa mawazo yako mpaka Vanga na Shimoni. Wa kwetu ndo alikuwa huko Shimoni. Boti yao ya faiba ilikufa injini usiku, mawimbi yakawageuza, wawili wakashika dumu, wakaokotwa na wavuvi wa Kenya siku ya tatu. Alikaa anaumwa, homa, ngozi imechubuka yote na chumvi, na tatizo lake kubwa lilikuwa dogo sana: simu ilizama, na kichwani hana namba hata moja. Hata yangu. Alituma salamu kwa mdomo na boti iliyokuwa inakuja Moa, hazikufika. Mpaka alipopata Mdigo mmoja wa Vanga mwenye shangazi yake Chumbageni ndo namba ikatafutwa nyumba kwa nyumba. Mwenzake aliyeshika naye dumu alikuwa mtu wa Pemba, yeye alishapata jahazi la kwao mapema akaondoka.

Kwa hiyo wavuvi, na nyie mnaokwenda dago, kambi za uvuvi za mbali, miezi miwili mitatu, hifadhini namba moja kichwani, moja tu, iimbe kama juzuu. Na nyingine iandike kwa wino usiofutika ndani ya mkanda.

Familia: toeni taarifa kwa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi, ya mwalo wenu, polisi wa kawaida na wa majini, waambieni manahodha pale mwalo wa Deep Sea hapa Tanga wapeleke picha kwenye magrupu yao ya Pemba na Kenya. Picha iwe na alama za mwilini zimeandikwa chini. Usiache kutafuta siku ya pili au ya tatu kwa sababu watu wamechoka. MV Nyerere ilipopinduka pale Ukara 20 Septemba 2018, fundi wa injini alitolewa hai ndani ya kivuko siku mbili baadae, alikuwa amejibana mahali palipobaki na hewa, nje watu walishahesabu kuwa hamna mzima.

Kwa sheria zetu mtu asiyesikika na wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake anaanza kuhesabiwa amekufa baada ya miaka mitano, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo, na dhana hiyo inavunjwa akionekana. Miaka mitano, sio wiki mbili. Anayewasukuma mfungue mirathi ya mtu ambaye mwili wake hamjauona, muulizeni ana haraka gani.

HATUA YA NNE: siku anapopatikana

Usimwambie mama yake kwa simu. Bi mkubwa wetu ana presha, tulimtanguliza mama mdogo akakaa naye, akapimwa, akapewa dawa zake, ndo tukaanza taratibu, "kuna habari kwamba yule tuliyemzika huenda si yeye", tukamwacha alie, halafu ndo tukapiga simu ya video. Mke wake naye alikuwa ndani ya eda, ana mwezi hajafika hata nusu ya ile miezi minne na siku kumi. Shehe alisema mume hakufa kwa hiyo eda haikuwepo na ndoa ipo palepale haikuvunjika. Hilo la mke mlipeleke kwa mashehe au kwa padri mapema, kabla majirani hawajaanza kutoa fatwa zao.

Mtu mzima mmoja amfuate alipo akiwa na picha na namba yake ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na akifika apelekwe hospitali kwanza, karatasi ya hospitali itunze, utaihitaji.

Halafu kuna hili la msukule, mtu anayedaiwa kufa kisha akarudishwa kwa uchawi. Tusifichane, watu wetu wanaamini. Siku ya kwanza watoto walikimbia, mama mmoja muuza vitumbua alifunika sufuria akaingia ndani akafunga mlango. Dawa yake si kumficha. Ukimficha ndo umethibitisha. Sisi Ijumaa ile tulikwenda naye msikitini, imamu baada ya sala akasimama akaeleza kisa chote, mwili uliozikwa ni wa mtu mwingine, ndugu yenu huyu hapa, akampa mkono wa kwanza yeye mwenyewe. Watu wakapanga foleni kumpa mkono. Vijana wawili walimwomba awaonyeshe kovu, akavua ndala akaonyesha. Baada ya hapo maneno yakapungua sana.

Rambirambi na hela ya kikoba nayo ishughulikieni wiki hiyohiyo. Daftari la msiba lipo, msome mlichopewa, kikoba kirudishiwe chake hata kwa awamu, walioleta unga na sukari waambiwe asante. Kikichelewa kinakuwa fitina, watasema mlipanga.

HATUA YA TANO: makaratasi, kwa mpangilio huu

Anza wiki ya kwanza. Nasisitiza hili kuliko yote. Romania kuna mzee alirudi kwao baada ya miaka mingi ya kazi Uturuki akakuta ana cheti cha kifo, akaenda mahakamani kukipinga, mwaka 2018 mahakama ya Vaslui ikamkatalia kwa sababu amechelewa kuwasilisha, yeye amesimama mbele yao. India, jimbo la Uttar Pradesh, mkulima anaitwa Lal Bihari alikwenda kuomba mkopo mwaka 1975 akaambiwa wewe kwenye kumbukumbu umekufa, ndugu zake wameshaandikiwa shamba. Alipigana mpaka 1994 ndo wakamwandika hai. Miaka 19. Alianzisha mpaka chama cha watu walioandikwa wafu na akagombea uchaguzi ili tu jina lake litokee kwenye karatasi ya serikali. Karatasi ya kifo ikikaa inaota mizizi, ndo maana nasema kimbia nayo ikiwa mbichi.

Kwanza kabisa usichome kile cheti cha kifo. Shangazi yetu alitaka kukichoma siku ileile kwa furaha, alishawasha kiberiti. Cheti halisi ndo kitakachofutwa, kukiwa na kivuli tu utaanza kuombwa ripoti ya upotevu.

Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji wa mtaa, yeye mwenyewe aliyerudi awepo, na wajumbe wawili wanaomjua tangu utoto. Omba barua inayosema wanamfahamu, yuko hai, na taarifa ya kifo ya tarehe fulani ilitolewa kwa makosa ya utambuzi. Picha ibandikwe na muhuri upite juu ya picha. Ipitie kwa mtendaji wa kata pia. Hiyo barua ndo mama wa makaratasi yote, toa kopi kumi.

Ya pili ni polisi. Watu wengi wanaogopa, wanadhani watakamatwa kwa kudanganya. Kosa la utambuzi lililofanywa kwa nia njema eleza kama lilivyo, afande ataandika, utapewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Tena kule polisi unafungua faili la yule uliyemzika, hilo nalirudia chini kwa sababu lina uzito wake.

Ya tatu viapo. Viwili, sio kimoja. Aliyerudi anaapa kwamba mimi ni fulani, nimezaliwa lini na wapi, nilikuwa wapi muda huo. Na aliyesaini utambuzi mochwari, kwetu ni mimi, anaapa alivyokosea na kwa nini. Hiki cha pili ndo tulikisahau, tukarudishwa mara mbili. Unaapa kwa wakili au mahakamani. Kama hela ya wakili hakuna ulizia msaada wa kisheria, tuna sheria yake ya mwaka 2017 na wasaidizi wa kisheria wapo mpaka kwenye kata, muulize mtendaji.

Ya nne ndo RITA, wao ndo wenye daftari la vifo. Wilayani utawapata mara nyingi kwenye jengo la mkuu wa wilaya. Peleka barua ya kuomba usajili wa kifo ufutwe, ambatanisha cheti halisi, barua ya mtaa, RB, viapo vyote viwili, cheti cha kuzaliwa, NIDA, picha na karatasi ya hospitali. Letu lilipelekwa Dar makao makuu. Andika tarehe uliyopeleka na jina la aliyepokea, na kopi yako igongwe muhuri wa kupokelewa, bila muhuri ule ukirudi baada ya mwezi utaambiwa hakuna kitu kama hicho. Mimi nilikuwa naenda kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, shikamoo, nimekuja kuulizia lile faili. Bila ugomvi. Mhudumu mmoja wa pale alifikia akawa ananipigia yeye.

NIDA nenda na mwenyewe, aweke vidole. Ile namba ya tarakimu 20 inaanza na tarehe yake ya kuzaliwa na vidole vyake viko kwenye mfumo, kwa hiyo mashine ikimtambua hapo una shahidi ambaye hana upande. Omba uandikiwe kwamba alama zimeoana. Ukishapata hiyo, laini ya simu, benki, mifuko ya NSSF au PSSSF kama alikuwa ameajiriwa, bima ya afya, leseni, daftari la wapiga kura, vyote vinafuata kwa urahisi zaidi, unabeba seti moja ya kopi unazunguka.

HATUA YA SITA: mirathi ikishafunguliwa

Sisi ilikuwa imefunguliwa. Ana bodaboda moja na kiwanja Pongwe, kikao cha ukoo kilikaa, muhtasari ukaandikwa, maombi yakapelekwa Mahakama ya Mwanzo na ami ndo aliyependekezwa awe msimamizi. Bahati tangazo la mahakama la kuita wenye pingamizi lilikuwa bado liko ubaoni.

Kama na nyie bado mko kwenye tangazo, mwenyewe aende aweke pingamizi, shauri linaishia hapo. Kama msimamizi ameshateuliwa, omba mahakama ileile itengue uteuzi. Uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo ukikukera una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Na jua hili: msimamizi wa Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne arudishe orodha ya mali na hesabu, fomu namba 5 na namba 6. Ukirudi kabla ya hapo kuna uwezekano mkubwa mali bado haijagawanywa, kwa hiyo muombe hakimu azuie kila kitu siku hiyohiyo, na kwa kiwanja peleka barua ya zuio kwa mtendaji wa mtaa kiliko ili asigonge muhuri kwenye mauziano.

Siku ya kesi karani alisoma "shauri la mirathi ya marehemu", akataja majina yote matatu, na mdogo wangu kutoka benchi la nyuma akaitika "nipo". Mahakama ilinyamaza. Hakimu alivua miwani, akamwita mbele, akamuuliza jina la mama yake, jina la shule, halafu akaniuliza mimi nilitambua vipi mwili. Nikasema nguo. Akaandika muda mrefu. Shauri likaondolewa, na ile nakala ya amri ya mahakama ndo iliyosukuma faili la RITA mpaka likaisha, kwa hiyo usitoke mahakamani bila nakala yenye muhuri.

HATUA YA SABA: yule mliyemzika

Hili ndo nililoahidi kulirudia. Siku mdogo wetu aliporudi, mama alicheka, akalia, akasali, halafu jioni akauliza, "sasa yule ni mtoto wa nani?" Wote tulikuwa hatujafikiria.

Kuna mtu yuko kwenye kaburi letu kwa jina la mdogo wangu. Tulimwosha sisi, tukamkafini, tukamswalia, na kuna nyumba mahali fulani wanamsubiri bado. Wajibu wako ni mkubwa na una hatua zake: polisi lile faili la mwili usiojulikana libaki wazi, uandike kila kitu unachokumbuka, nguo, meno, urefu, siku na mahali ulipoonekana. Toa kibao chenye jina lisilo lake, weka tarehe ya kuokotwa na maneno "mwili wa asiyejulikana". Usifukue kaburi mwenyewe wala usiruhusu vijana wafukue, kufukua ni kwa amri ya mahakama na wataalamu wakiwepo. Kaburi lipimwe lilipo, liandikwe kwenye kumbukumbu za mtaa na za msikiti, ili siku ndugu zake wakija na sampuli ijulikane pa kuchimba.

Kibao cha kwetu nimekibadilisha mwenyewe kwa rangi nyeupe. Mama bado anakwenda kila Alhamisi, anafagia, anamsomea Yasini, anasema mama yake angependa.

Msimu ule ulikuwa wa kusi, mwaka juzi, na kama nilivyosema mkondo unapanda kaskazini, kwa hiyo mtu aliyetupwa Mwambani ana uwezekano wa kutoka chini yetu, Pangani, Kipumbwi, Saadani, Bagamoyo, hata upande wa Unguja. Alikuwa kijana, mrefu kunizidi mimi, jino moja la mbele juu limekatika kipande, hilo mwosha maiti analikumbuka vizuri kwa sababu yeye ndo alimfunga taya. Alivaa jezi ya Coastal. Kama kuna nyumba kwenu inamsubiri mtu wa namna hiyo nenda kituo cha polisi kilicho karibu, waambie wawasiliane na polisi Tanga, na umchukue mama yake au mtoto wake mwende pamoja ili wakihitaji sampuli awepo.

Kaburi tunalo, liko safi.